Nyangumi wa Kwenye Televisheni na Kasa wa Pwani ya Temeke

Tamthilia inayosimulia ukatili wa binadamu kwa mnyama wa baharini humpa mtazamaji vitu viwili ambavyo pwani yenyewe huvitoa kwa nadra, navyo ni mhalifu anayeonekana uso na mnyama anayelia kama mtu. Kwa vitu hivyo viwili huruma huamka upesi, hata kwa mtu ambaye hajawahi kumwona mnyama anayezungumziwa wala hajui bahari anamoishi, na mara nyingi hulala upesi vilevile hadithi inapokwisha. Makala haya yanaichunguza huruma ya namna hiyo kwa kutumia kumbukumbu za Temeke, hasa za nusu ya pili ya muongo wa 1990, wakati ambapo wilaya hiyo ya kusini mwa Dar es Salaam ilikuwa bado inajumuisha Kigamboni na fukwe zake zote hadi Kimbiji na Pemba Mnazi, na ambapo televisheni ilikuwa chombo kipya katika nyumba nyingi za Tandika, Keko, Mtoni na Mbagala. Hoja yake ni kwamba ukatili mkubwa zaidi dhidi ya viumbe wa baharini, ule uliokuwa ukitendeka safari fupi tu kutoka ulipotandikwa mkeka wa watazamaji, haukuwa na mhalifu wa kutazamwa wala mnyama wa kulia, na kwa sababu hiyo uliwapita watu ambao huruma yao ilikuwa ya kweli.

Tanzania Bara ilichelewa kupata televisheni. Zanzibar ilikuwa na kituo chake tangu muongo wa 1970, lakini upande wa Bara vituo vya kwanza, vikiwamo ITV na DTV, vilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na kituo cha taifa kikafuata baadaye. Katika mitaa ya Temeke, ambako nyumba ya kawaida ilikuwa na vyumba vinavyotazamana pande mbili za ukumbi mmoja, na kila chumba kikikaliwa na familia yake, televisheni ya mwenye nyumba au ya mpangaji mmoja ilikuwa ya nyumba nzima na pengine ya mtaa. Watoto walikaa mbele juu ya mkeka, kina mama walikalia vigoda na ndoo zilizofudikizwa, wanaume walisimama mlangoni au nje ya dirisha, na umeme ulipokatika, jambo ambalo halikumshangaza mtu, hadithi ilimaliziwa kwa mdomo na yule aliyewahi kuiona kwingine. Ni katika ukumbi wa aina hiyo ambamo mwandishi wa makala haya, wakati huo akiwa mtoto wa Tandika, aliiona filamu ya Orca, iliyoongozwa na Michael Anderson na kutolewa mwaka 1977, ambayo kwa watu waliokuwa pale haikuwa na tofauti na tamthilia nyingine yoyote ya usiku. Kiingereza chake kilitafsiriwa kwa sauti na kijana wa sekondari, ambaye alipokosa neno alitunga lake, na hakuna aliyelalamika.

Orca ni mnyama anayeitwa kwa kawaida nyangumi muuaji, ingawa katika mpangilio wa wanasayansi yeye ndiye mkubwa kuliko wote katika jamii ya pomboo, yaani wale wanyama wa baharini wanaonyonyesha, wanaovuta hewa kwa tundu la utosini, na ambao jamaa zao wadogo huonekana mara kwa mara wakiruka mbele ya vyombo kati ya Dar es Salaam na Unguja. Katika filamu hiyo, Nahodha Nolan, aliyeigizwa na Richard Harris, anataka kumkamata orca mmoja akiwa hai ili amuuze; anamlenga dume, lakini chusa, yaani mkuki wa kuvulia, inampata jike, naye anapandishwa chomboni kwa minyororo akiwa mjamzito na kuharibu mimba juu ya sitaha, huku dume akitazama kutoka majini. Kuanzia hapo dume analipiza kisasi, akivunja mashua na kuharibu kijiji cha wavuvi huko Newfoundland, hadi anapomfikisha nahodha kwenye barafu ya kaskazini na kumuua. Kilichoongeza uzito wa hadithi ni kwamba nahodha mwenyewe aliwahi kufiwa na mkewe mjamzito katika ajali iliyosababishwa na dereva mlevi, kwa hiyo anayajua machungu ya mnyama anayemwinda, na kujua huko hakumwokoi.

Watu wa ukumbi ule walilia. Mama mmoja ambaye riziki yake ilikuwa kukaanga samaki na kuwauza jioni kando ya barabara alisikika akiuliza, kwa sauti ya mtu aliye msibani, huyu naye jamani kakosa nini, na wanaume waliokuwa dirishani, ambao kwa kawaida walicheka kila palipokuwa na machozi, safari hiyo walinyamaza. Dume alipoanza kulipiza, ukumbi mzima ulikuwa upande wake, na nahodha alipokufa palipigwa makofi. Ingekuwa kosa kuidharau hali hiyo kana kwamba ni ushabiki wa watu wasiojua filamu, kwa sababu watazamaji wale walifanya kazi ngumu ya kimaadili: walitoka kwenye upande wa binadamu mwenzao, wakavuka na kusimama na mnyama asiye na lugha, wa bahari ya baridi wasiyoifahamu, na wakamhukumu binadamu kwa haki. Uwezo huo haukuletwa na televisheni. Ulikuwamo ndani yao, na filamu ilichofanya ni kuufungulia mlango mmoja.

Ukatili uliosimuliwa katika Orca haukuwa wa kubuni tupu. Mwezi Agosti 1970, katika ghuba ya Penn Cove, jimbo la Washington nchini Marekani, kundi kubwa la orca lilizingirwa kwa boti, ndege na vilipuzi vya kutisha, watoto wakatenganishwa na mama zao kwa nyavu, na miili ya waliokufa katika shughuli hiyo ikapasuliwa matumbo, ikajazwa mawe na kuzamishwa ili watu wasijue. Mmoja wa watoto waliouzwa, jike aliyeitwa Tokitae na kuoneshwa kwa watalii kwa jina la Lolita, aliishi kwenye bwawa la Miami Seaquarium kwa zaidi ya miaka 50 hadi alipokufa Agosti 2023. Katika Miami Seaquarium hiyohiyo ndiko kulikofanyika sehemu ya kazi ya Flipper, tamthilia ya televisheni iliyorushwa Marekani kati ya mwaka 1964 na 1967, ambamo pomboo mmoja mwerevu huwasaidia watoto wa mlinzi wa hifadhi ya bahari kila wiki na huonekana kana kwamba anatabasamu. Mfunzaji wa pomboo walioigiza sehemu hiyo, Ric O'Barry, aligeuka kuwa mpinzani mkubwa wa ufugaji wa pomboo baada ya mmoja wao, Kathy, kufa mwaka 1970, na filamu ya hali halisi ya The Cove iliyomfuata hadi kwenye machinjio ya pomboo ya Taiji nchini Japani ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2010. Linganisho hili linafundisha jambo ambalo wakosoaji wa filamu hawalisisitizi vya kutosha, kwamba tamthilia iliyojaa ukatili ilisema kweli, na tamthilia iliyojaa upendo ndiyo iliyouficha ukatili nyuma ya kamera, kwa maana lile tabasamu la pomboo ni umbo la taya lake tu, naye hubaki nalo hata anapokufa.

Turudi Temeke. Samaki waliokaangwa na kina mama wa Tandika na Mtoni walitoka kwa sehemu kubwa katika soko la Feri, upande wa pili wa mji, ambako huuzwa kwa mnada alfajiri, madalali wakitaja bei na wachuuzi wakibeba ndoo zao kwenda Temeke Stereo, Mbagala na kwingineko. Miongoni mwa samaki hao walikuwamo wa baruti, na kila aliyezoea kuparua samaki aliwatambua bila kuambiwa: uti wa mgongo umevunjika, damu imevilia ndani, nyama inalegea mapema na haivumilii kukaa. Uvuvi wa baruti ni ule ambao mvuvi hurusha majini kilipuzi, kiwe cha machimbo ya mawe au cha kutengenezwa kienyeji, na mshindo wake hupasua kibofu cha hewa kinachomwezesha samaki kuelea. Wachache huibuka juu na kuzolewa; wengi huzama na kuoza chini, pamoja na makinda yasiyofaa kuliwa na mtu, na mwamba wa matumbawe, ambao ndio nyumba na malisho ya wote hao, huvunjika kuwa kifusi kinachochukua miongo kadhaa kupona, kama kitapona. Kwa pomboo, ambao hutumia sauti kutafuta chakula na kutambuana, bahari yenye milipuko ni kama nyumba ambayo mtu hupofushwa humo kila saa.

Sheria ilikataza uvuvi huo tangu mwaka 1970, na Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 ikaukataza upya kwa adhabu kali. Hata hivyo, watafiti waliopita kando ya pwani yote ya Tanzania mwaka 2015 wakiwa na vinasa sauti vya chini ya maji walirekodi milipuko 318, na zaidi ya asilimia 60 ya milipuko hiyo ilikuwa ndani ya kilometa 80 kutoka Dar es Salaam. Yaani jiji lenye ofisi za serikali, mahakama, vyuo na vituo vya televisheni ndilo lililokuwa kitovu cha mshindo. Mtu aliyesimama ufukweni Kigamboni asubuhi tulivu angeweza kuusikia kwa masikio yake, mlio mzito usio na mwangwi, na wenyeji waliendelea na shughuli zao kwa sababu waliuzoea. Baada ya serikali kuunda kikosi kazi cha vyombo mbalimbali na kufanya msako kuanzia mwaka huohuo, milipuko ilipungua sana, jambo linaloonesha kwamba haikuwa laana ya bahari wala tabia isiyobadilika ya watu wa pwani.

Sasa ni wapi alikokuwa Nahodha Nolan katika habari hii? Aliyerusha baruti alikuwa kijana, mara nyingi maskini, na baadhi yao walipoteza mikono au uhai kwa kilipuzi kilichowahi kulipuka. Aliyempa mtaji hakuonekana baharini. Dalali aliuza kilicholetwa mnadani. Mchuuzi alinunua alichokimudu. Mama wa Tandika alikaanga upesi kabla nyama haijaharibika, na akaweka pilipili. Wateja, wakiwamo waliomlilia nyangumi usiku uliotangulia, walikula. Kila mmoja alishika sehemu ndogo tu ya kitendo, na sehemu hiyo ikiangaliwa peke yake haikuwa ukatili. Hapa ndipo tamthilia ya mhalifu mmoja inapomwacha mtazamaji bila msaada, kwa kuwa inamzoesha kumtafuta mtu mwenye chusa mkononi, na asipomwona huamini kwamba hakuna lililotendeka. Yule mama aliyeuliza nyangumi kakosa nini hakuwa mnafiki hata kidogo. Hakuna aliyewahi kumwonesha njia inayoanzia mwambani na kuishia kwenye karai lake, na hata angeoneshwa, bado angekuwa na watoto wa kuwalisha jioni hiyo.

Habari ya kasa ni nzito zaidi, kwa kuwa humo mnyama alikuwa akionekana, na pengine alikuwa hai mbele ya macho ya watu. Maji ya Tanzania yana aina tano za kasa wa baharini, na wanaotaga kwa kawaida kwenye fukwe zake ni kasa wa kijani, jina alilopewa kwa rangi ya mafuta yake, na ng'amba, ambaye magamba yake yamekuwa bidhaa ya biashara katika pwani hii kwa karibu miaka elfu mbili. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza baada ya Kristo, kinayataja magamba hayo miongoni mwa bidhaa za bandari ya Rhapta, na kinaeleza jinsi watu wa kisiwa cha Menouthias walivyowatega kasa kwa madema ya kusukwa. Uwindaji huo ulikuwa na elimu yake, na wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki walijua hata kumtumia chazo, samaki mwenye kinyonyeo kichwani, ambaye hufungwa kamba na kuachiwa ili amgande kasa. Haifai kuliita jambo lote hilo ukatili. Watu walikula, na bahari ilikuwa na kasa wengi kuliko wawindaji.

Mambo mawili yalibadilika, nayo ni idadi ya walaji na aina ya zana. Kasa wa kijani huchukua miaka 25 au zaidi kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza, kisha jike hurudi kwenye pwani ya eneo alikoanguliwa, hupanda ufukweni usiku, huchimba shimo kwa mapezi ya nyuma na kutaga mayai yapatayo 100, ambayo huanguliwa baada ya miezi miwili hivi. Watoto wanaofikia utu uzima ni wachache mno, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mmoja katika elfu. Mnyama mwenye maisha ya namna hiyo hawezi kulipia upesi kinachochukuliwa. Jarife, wavu wa macho mapana unaotegwa usiku kucha kwa ajili ya papa na taa, humnasa kasa bila kukusudia, naye kwa kuwa huvuta hewa kama sisi hufa kwa kuzama, ndani ya maji aliyozaliwa kuishi humo. Anayekutwa hai huletwa pwani na kulazwa chali juu ya mchanga, kwa sababu kasa aliyepinduliwa hawezi kujigeuza, na nyama iliyo hai haihitaji barafu.

Watoto wa Temeke waliovuka kwa pantoni kwenda kutembelea ndugu zao Kigamboni na vijiji vya mbele yake waliweza kumwona kasa katika hali hiyo, chini ya mnazi au kando ya banda, akisubiri wanunuzi, mapezi yakipapasa hewa mara mojamoja, na machoni pake pakitiririka ute mzito unaofanana kabisa na machozi. Walipouliza waliambiwa kwamba kasa hulia hivyo siku zote. Jibu hilo lilikuwa sahihi kisayansi. Kasa hunywa maji ya bahari, na chumvi iliyozidi mwilini hutolewa kwa tezi zilizo karibu na macho, majini na nchi kavu, awe anataga, anapumzika au anachinjwa, kwa hiyo ute ule hauelezi huzuni. Mtu angeweza kudhani kwamba maelezo hayo yanaondoa tatizo, lakini yanalifanya kuwa kali zaidi, kwa maana kama machozi yake si dalili ya maumivu, basi maumivu yake yapo bila dalili. Mnyama aliyelazwa chali juani siku nzima, mapafu yake yakikandamizwa na uzito wa viungo vyake vya ndani, anateseka hata kama uso wake hauwezi kulisema hilo. Mtu anayengoja mnyama alie ndipo amhurumie amejiwekea sharti ambalo viumbe wengi wa bahari hawataweza kulitimiza kamwe.

Papa ndiye shahidi wa hilo. Filamu ya Jaws ya mwaka 1975, ambayo ilizunguka sana kwenye vibanda vya video vya Temeke kwa kanda zilizochakaa, iliwafanya watoto waogope hata maji ya magotini, na mwandishi wa riwaya iliyozaa filamu hiyo, Peter Benchley, alitumia miaka ya mwisho ya maisha yake kuwatetea papa na kusema kwamba kwa ujuzi aliokuja kuupata asingeweza kukiandika tena kitabu kile. Papa hana taya la kutabasamu wala ute wa kufanana na machozi. Katika pwani hiihii ya Tanzania, kati ya Mafia na bara, anaishi papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye hula viumbe wadogo mno wanaoelea majini na hana dhara kwa mtu, na ambaye naye hunaswa nyavuni, bila ukumbi wowote wa kumlilia.

Kuna tukio moja ambalo lilikaribia kuwa tamthilia halisi. Tarehe 28 Aprili 2006 wakazi wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, waliamka na kukuta mamia ya pomboo, takriban 400 kwa hesabu iliyotangazwa, wakiwa wamekufa kando ya pwani yao. Habari ilienea duniani kote. Wachunguzi walikuta matumbo ya wanyama hao hayana chakula, dhana mbalimbali zikatolewa, na mhalifu aliyetarajiwa na vyombo vya habari hakupatikana. Wanakijiji walizika mizoga, na baadhi walichukua maini ili kupata mafuta ya kupaka vyombo, sawa na sifa, yaani mafuta ya ini la papa yanayozuia mbao kunywa maji. Waandishi wa mbali walilitaja hilo kama kitendo cha ajabu, lakini lilikuwa jambo la busara kabisa kwa watu ambao mashua ndiyo maisha yao. Kusini mwa kisiwa hichohicho, Kizimkazi, pomboo waliokuwa wakivuliwa kwa ajili ya chambo walianza mwanzoni mwa muongo wa 1990 kuwaletea wenyeji fedha za watalii wakiwa hai, na uwindaji ukakoma. Ndipo ikazuka taabu nyingine, kwa sababu boti nyingi huwakimbiza, watu hurukia katikati ya kundi lenye watoto, na kila anayefanya hivyo anaamini kwa dhati kwamba anawapenda. Inakumbusha Flipper.

Kuhusu kisasi, ambacho ndicho kilichopigiwa makofi katika ukumbi wa Tandika, pwani imetoa fundisho gumu. Mwezi Machi 2024, katika Kisiwa Panza huko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa na wengine 78 wakalazwa hospitalini baada ya kula nyama ya kasa, na mwezi Novemba 2021 watu saba walikuwa wamekufa Pemba kwa sababu hiyohiyo. Sumu hiyo haitokani na uchafu wala upishi mbaya, na haiondoki kwa kuchemsha. Hudhaniwa kwamba kasa huipata kutokana na baadhi ya mwani na viumbe anaokula, ikamkaa mwilini bila kumdhuru yeye. Ipo kauli iliyosikika baada ya vifo hivyo, Temeke na kwingineko, kwamba kasa amelipiza. Kauli hiyo haistahili kuachwa ipite. Mtoto aliyepewa kitoweo na mama yake hakumkosea kasa, na kasa hana habari na mtoto huyo. Hadithi ya orca mwenye kulipiza ni tamu kwa sababu inaahidi kwamba bahari hutunza hesabu kwa haki, ilhali bahari haitunzi hesabu ya namna hiyo, na wanaoumia kwanza ni wale waliochuma kidogo zaidi.

Mabadiliko yaliyokuja kwenye fukwe za kusini mwa jiji yalitokana na kazi isiyo na msisimko wowote. Shirika la Sea Sense, lililoanza Mafia mwaka 2001 kama mradi wa kuhifadhi kasa na nguva, kisha likapanua kazi hadi wilaya nyingine za pwani, Temeke ikiwamo, liliwachagua wanavijiji wenyewe kuwa walinzi wa viota, na likaweka utaratibu wa kumpa kifuta jasho mtu anayetoa taarifa ya kiota, kiasi kinachotegemea mafanikio ya kuanguliwa kwa mayai. Mlinzi hutembea ufukweni alfajiri, hutambua nyayo za kasa, ambazo hufanana na alama za tairi la trekta, huhamisha kiota kilicho karibu mno na maji ya bamvua, huhesabu na kuandika. Wapo wanaosema kwamba kulipia huruma ni kuiharibu. Mwandishi wa makala haya hakubaliani nao. Mayai ya kasa yalikuwa na bei kabla ya mradi wowote kufika, na mtu aliyekuwa akiyafukua kwa ajili ya bei hiyo ndiye mwenye ujuzi wa kuyapata yalipo; kumlipa ili ujuzi uleule uelekezwe kwingine ni kuuheshimu, na hakuna filamu, hata iwe nzuri kiasi gani, iliyowahi kumfanya mtu atembee mchangani saa kumi na moja alfajiri kwa miaka mingi mfululizo.

Kigamboni imetengwa na Temeke na kuwa wilaya inayojitegemea, Daraja la Nyerere lilifunguliwa mwaka 2016, na ardhi ya ufukweni inapanda bei. Ukatili unaofuata hautakuwa na mkono wa mtu hata mmoja. Mtoto wa kasa anapotoka shimoni usiku huelekea kwenye mwanga, kwa kuwa tangu zamani upeo wa bahari ndio uliokuwa ukiangaza kuliko nchi kavu, na taa ya hoteli au ya uzio wa nyumba humvuta kuelekea barabarani, ambako kunguru na kaa humkuta kabla jua halijapanda. Aliyewasha taa hiyo alikuwa akijikinga na wezi. Mchanga unaochimbwa kwa ajili ya ujenzi na kuta zinazojengwa kuzuia mawimbi humnyima jike mahali pa kutagia, naye anayejenga huwa anaipenda bahari, ndiyo maana akanunua kiwanja pale.

Tamthilia ya mambo hayo inaweza kutengenezwa Temeke, na ingehitaji gharama ndogo kuliko barafu ya Newfoundland: mnada wa Feri, ukumbi wa nyumba ya kupanga, banda la mvuvi, karai la samaki, jarife lililotegwa magharibi na kuvutwa alfajiri. Ugumu wake ungekuwa katika uandishi, kwa sababu mtunzi atalazimika kumpa mtazamaji mnyama ambaye machozi yake hayamaanishi huzuni, mvuvi ambaye si mwovu, na mnunuzi anayefanana na mtazamaji mwenyewe kwa mavazi, lugha na madeni, kisha amfanye akae hadi mwisho bila kumwahidi kifo cha nahodha. Vikundi vya maigizo vya jiji hili, vilivyokua pamoja na televisheni yenyewe tangu muongo wa 1990, vimekwisha kulifanya jambo la ugumu huo pale vilipoigiza mirathi ya wajane na unyanyapaa wa wagonjwa wa ukimwi, mbele ya watazamaji ambao baadhi yao walikuwa wamewanyang'anya wajane hao nyumba.